Mhudumu wa afya anayetufikia nyumbani: tathmini yangu baada ya miaka miwili

Mama yangu ana shinikizo la damu, na kwa miaka miwili sasa amekuwa akitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Nimeona ni haki niitathmini huduma hiyo kama ambavyo ningeitathmini zahanati au duka la dawa.

Mhudumu huyu ni mmoja wa watu wapatao 100,000 ambao serikali ya Kenya iliwatangazia mikoba ya vifaa mnamo Septemba 2023, baada ya miaka mingi ambayo wengi wao walifanya kazi iyo hiyo kwa kujitolea, bila vifaa wala posho ya uhakika. Kwa utaratibu uliopo, kila mmoja huhudumia takriban kaya 100. Akishakaribishwa hakimbilii mkoba. Huketi, akamjulia mama hali, akamwacha atulie, ndipo amfunge kipimo mkononi, asome tarakimu kwa sauti na kuziingiza kwenye simu. Siku moja aliona vidonge vilivyobaki ni vingi kuliko ilivyopasa, akauliza kwa upole, "Mama, dawa umezichoka?" Mama akakiri. Daktari hakuwa amelijua hilo, na hata mimi mwanawe sikulijua.

Hapo ndipo ilipo thamani yake. Anajua ni nyumba ipi ina mjamzito ambaye hajaanza kliniki na ni mtoto yupi hajakamilisha chanjo, na watu humfungulia mlango kwa kuwa wamemzoea. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa tangazo la ajira. Kwa hiyo huniuma sana nikisikia akiitwa "msaidizi tu", wakati kituo cha afya kingehitaji watumishi wengi kuyafahamu anayoyafahamu yeye.

Kasoro zipo, wala si zake. Vijiti vya kupimia sukari viliwahi kuisha kwa wiki kadhaa, na majirani wenye kisukari wakabaki bila kipimo. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, tena huchelewa, ilhali nauli ya kumsindikiza mgonjwa hospitalini mara nyingi hutoka mfukoni mwake.

Mwenye mzee nyumbani namsihi amtafute mhudumu wa mtaa wake na kumpokea vizuri. Wetu alikuja wiki iliyopita mvua ikinyesha, mkoba ameufunika kwa leso, na kipimo cha mama kikasoma 128 kwa 82.