Mabati ya geji 28 baada ya kubeba sola kwa misimu miwili ya masika

Nyumba yangu ya Kibada, Kigamboni, niliipaua mwaka 2022 kwa mabati ya migongo mipana ya geji 28 (geji ni namba ya unene wa bati), rangi ya kijivu cheupe. Mwishoni mwa 2023 nikapandisha paneli sita za wati 550 kila moja. Ninashona kwa kazi, nina cherehani nne za umeme barazani, na umeme ukikatika wakati wa sare za shule hasara ni yangu. Kwa hiyo paa hili nililichagua nikiwa tayari najua litabeba nini.

Nilijifunza kwenye nyumba ya mama, Pangani. Tuliiezeka kwa geji 30 mwaka 2011, uwezo wetu ulikuwa huo. Mwaka 2017 tukamwekea sola. Fundi aliyekuja alitoboa bati bondeni, mle mle maji yanamopita, akafunga vyuma kwenye bati tupu bila kutafuta papi, zile mbao zinazoshika bati, chini yake, kisha akapaka silikoni. Jua likaikausha silikoni ikaachia. Upepo wa kusi ukawa unatikisa paneli kila mwaka na matundu yanapanuka. Kufika 2020 dari ya chumba cha mama ilikuwa na mabaka ya rangi ya chai, naye analala amesogeza kitanda ukutani. Tulipozishusha paneli, bati chini ya vile vyuma lilikuwa limeliwa na kutu kiasi cha kupitisha kidole. Paneli zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Tukalipa kushusha, tukalipa kuezeka upya, tukalipa kupandisha tena. Iliniuma, kwa sababu ilizuilika.

Paneli nzuri huuzwa na dhamana ya kuzalisha umeme ya miaka 25. Basi bati linalokaa chini yake nalo lazima uwe unalitarajia umri huo, hasa hapa pwani penye chumvi hewani. Ndiyo maana geji 28. Kwa asiyefahamu, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 30 ni nyepesi kuliko 28. Lakini usiishie kwenye namba. Nilizunguka maduka nikigusa na kupima, na geji 28 ya duka hili si ile ya duka lile. Muulize muuzaji unene kwa milimita, na akuandikie kwenye risiti. Muulize pia chini ya rangi kumepakwa nini. Mimi nilitaka mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ule ambao aluminiamu ni asilimia 55, kwa sababu unavumilia kutu kuliko zinki peke yake.

Tofauti ya bei na geji 30 ilikuwa shilingi 9,000 kwa kila bati la mita 3. Nyumba ilikula mabati 118, kwa hiyo niliongeza shilingi 1,062,000. Si fedha ndogo. Kwangu ilikuwa cherehani ya overloki niliyoisubiri mwaka mzima zaidi, na bado naona nilichagua sawa.

Moyo wangu ulikuwa kwenye mabati ya vigae yenye chembe za mawe. Jirani anayo, ni mazuri, na mvua ikinyesha kwake mnaongea kwa sauti ya kawaida. Ila yale yanataka papi kila baada ya sentimita 37 hivi, mbao zinakuwa nyingi mno, halafu fundi wa sola akikanyaga pasipo pake kigae kinabonyea. Vigae vya udongo sikuvifikiria, uzito wake unadai kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, za namna nyingine kabisa. Na kama nyumba yako ni ya zamani, imeezekwa kwa shiti za asbestosi, tafadhali usimruhusu mtu yeyote kutoboa. Vumbi lile linaua mapafu.

Kilichonisaidia kuliko hata geji ni umbo la paa. Ramani ya kwanza ilikuwa na migongo mingi na mikunjo, pembetatu ndogondogo kila upande. Ukizipima, hakuna hata moja inayopokea paneli tatu kwa mpangilio, maana paneli moja ni mita 2.3 kwa 1.1. Nikaomba mgongo wa tembo, paa la pande mbili tu, kofia ya juu kabisa ikimbie mashariki hadi magharibi, ili upande mmoja mpana utazame kaskazini. Fundi wa kupaua hakupenda. "Dada, huku kusini ndiko barabarani, watu wataona nini?" Nikamwambia, fundi, mimi natafuta jua. Kigamboni tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, hivyo kuanzia mapema Machi hadi Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Desemba linahamia kusini, lakini kwa mwinuko wa paa wa nyuzi 15 nilionao bado paneli zinalipata vizuri. Wale wanaojenga nyumba za kuficha bati nyuma ya ukuta, mpime kivuli cha ukuta huo asubuhi na jioni kabla ya kununua paneli hata moja. Kivuli kidogo kinashusha umeme wa mstari mzima.

Watu huniuliza uzito. Paneli zangu zote ni kama kilo 168, zimetawanyika kwenye zaidi ya mita 15 za mraba. Kenchi zilizofungwa vizuri hazisumbuliwi na hilo. Wa kuogopwa ni upepo, unaotaka kuzinyanyua. Kwa hiyo upande wa kaskazini niliagiza papi za inchi 2 kwa 3 badala ya 2 kwa 2, nikapiga picha kila mstari na futi ya kupimia pembeni kabla bati halijafunika. Picha hizo fundi wa sola alizitumia siku nzima. Kila skrubu ya reli, vile vyuma vinavyoshika paneli, imepita juu ya mgongo wa bati, ikazama kwenye papi, ina mpira chini ya kichwa. Pengo la sentimita 10 limeachwa kati ya paneli na bati ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikipata joto kali inazalisha kidogo. Faida nisiyoitarajia ni kwamba chumba kilicho chini yake mchana hakina fukuto kama zamani.

Misimu miwili ya masika, hakuna tone. Nayapa mabati haya nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu skrubu zilizouzwa pamoja nayo zimeanza kutu vichwani upande wa baharini, nimebadilisha 40 kwa zile za chuma kisichoshika kutu. Zinunueni tangu mwanzo. Pia mvua kubwa inapiga kelele, simu haisikiki.

Nimebakiza mabati matano ya rangi ileile stoo, yamesimamishwa juu ya mbao, hayagusi sakafu.