Springi za nyuma za pikapu ya mzigo: kabla hujanunua, chungulia fimbo ya breki

Malalamiko ya wasomaji wenye pikapu yamefanana mno hadi nimeona nisiwajibu mmoja mmoja. Mtu amechoka kuiona Hilux yake imekalia mkia kila ikipakia viazi Njombe. Anakwenda kwa fundi, anaongezewa springi, gari linanyanyuka, roho inatulia. Baada ya muda linaibuka jambo jingine: pedi za mbele zinakwisha haraka, usukani unatetemeka akikanyaga breki, na akiteremka mlima Kitonga na mzigo gari linachelewa kushika. Anabadilisha pedi, anabadilisha mafuta ya breki, shida iko palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba ilianza siku ile ya springi.

Ingia chini ya gari utazame juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi za zamani, Land Cruiser za kazi na Nissan Hardbody utakuta valvu ndogo imefungwa kwenye chasisi, ina mabomba ya breki, na fimbo nyembamba inatoka hapo kwenda kwenye ekseli. Valvu hiyo hupima mzigo kwa kufuata umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiwa tupu, inapunguza presha inayokwenda kwenye breki za nyuma, ili magurudumu yasijifunge na mkia ukachapa pembeni. Ukipakia, nyuma inashuka, fimbo inasogea, presha ya nyuma inapanda.

Sasa nyanyua nyuma kwa sentimita nne au tano. Una gunia kumi za viazi, lakini valvu inasoma gari tupu. Breki za nyuma zinapewa presha kidogo, za mbele zinafanya kazi ya gari zima, zinachemka. Na liko la pili ambalo hata mafundi wazuri hulipita: springi ngumu haibonyei kama ya zamani. Hata fimbo ikirekebishwa kwa gari tupu, mzigo uleule utaishusha nyuma kidogo tu, na valvu itaendelea kuona mzigo mdogo kuliko uliopo.

Gari lako likiwa jipya, lina ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) na chini huoni fimbo yoyote, mgawanyo wa breki unafanywa na kompyuta kwa kusoma kasi ya magurudumu. Una nafasi pana zaidi ya kuchagua. Wengine wote, someni kwa makini.

Sitapoteza muda kwenye ulaini wa safari wala rangi ya shokapu. Ninachotaka kwa springi ni namba: inabeba kilo ngapi, na inanyanyua gari kiasi gani. Springi isiyo na namba hujui itakaa wapi ikizoea kazi. Leo fundi anapanga fimbo, baada ya wiki chache springi imelala, mpango wote umeharibika.

1. Old Man Emu

Hapa nina upande, na sifichi. Hizi ni springi za kampuni ya ARB ya Australia, na ubora wake mkubwa kwangu ni kwamba haziuzwi kama “springi za Hilux” basi. Kila modeli ina madaraja kadhaa, kulingana na uzito ambao gari linaubeba muda wote. Mwenye kreti za vifaa zisizoshuka ananunua daraja tofauti na mwenye kupakia siku za mnada tu. Kiasi cha kunyanyuka kinajulikana kabla ya kufunga, kwa kawaida karibu milimita 40, na shokapu zake zimetengenezwa zilingane na springi hizo. Fundi anaweza kukaa na fimbo ya breki akiwa na kipimo mkononi.

Kosa linalofanyika ni kununua daraja zito kupita kazi “ili zidumu”. Gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi, na likiwa na mzigo wa wastani springi haibonyei vya kutosha, kwa hiyo tunarudi kwenye valvu ileile. Nunua kwa mzigo wako wa kawaida. Usinunue kwa ule wa mara moja kwa msimu.

2. Timbren

Hizi ni raba nene zenye uwazi ndani, zinafungwa mahali pa zile raba ndogo za kuzuia ekseli isigonge chasisi. Hakuna hewa, hakuna bomba, hakuna cha kupaka grisi. Ninazipenda kwa sababu springi zako za kiwandani zinabaki, na gari tupu linabaki kwenye urefu wake. Raba inaanza kazi mzigo ukishaishusha ekseli kuifikia. Gari likiwa tupu valvu inaendelea kusoma sawasawa, ila mzigo ukizidi raba inapunguza kushuka, kwa hiyo bado ipimwe. Kwa anayepakia leo na kesho anazunguka mjini mtupu, hizi zinatosha. Hakikisha tu seti ni ya modeli yako hasa.

3. Baluni za hewa

Firestone na Air Lift ndiyo majina makubwa. Ukipakia unajaza upepo, gari linakaa sawa kama halina kitu. Hapo ndipo ninapozikataa kwa gari lenye fimbo: tani moja ndani, mkia umenyooka, valvu imeambiwa hakuna mzigo. Pia baluni husukuma chasisi sehemu moja, katikati ya ncha mbili za springi, na mzigo uliozidi nyuma ya ekseli unaweza kuipinda chasisi pale pale. Ukizichukua hata hivyo, kila upande uwe na bomba lake. Zikiunganishwa, kwenye kona upepo unakimbilia upande wa pili na gari linalala.

Bapa la kuongeza mtaani

Hili ni jani moja la chuma linaloongezwa kwenye springi zako. Ni rahisi kwa pesa, na linanyanyua kweli. Lakini ugumu wa bapa hupanda kwa unene mara unene mara unene: bapa la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu ya la milimita 7 lenye upana na urefu uleule. Fundi anayechagua kwa jicho kwenye rundo la vyuma chakavu hajui amekufungia nini. Nimemaliza.

Chochote utakachofunga, pima kwanza: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari tupu, kisha lenye mzigo wako wa kawaida. Pima tena baada ya kufunga. Upande wa fimbo unaoshika ekseli upandishwe kwa kiasi kilekile ambacho nyuma imenyanyuka, kisha presha ya breki ikaguliwe kwa geji gari likiwa na mzigo. Usikubali fimbo ifungwe juu kwa waya “ili breki zishike”. Hiyo inazipa breki za nyuma presha yote hata gari likiwa tupu, na kwenye lami yenye mvua mkia utakutangulia.

Na springi haziongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile. Soma namba ubavuni mwa tairi: 112 ina maana kilo 1,120 kwa tairi moja. Ukikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hesabu yako ya gunia imeshavurugika kabla hujawasha gari.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Nimepita maduka ya Kariakoo nikiuliza springi hii inabeba kilo ngapi, na jibu ninalopewa ni “hii ni orijino, dada”. Orijino ya nani? Springi zimepakwa rangi inayofanana na ya kampuni kubwa, hazina namba iliyogongwa kwenye chuma, boksi limetupwa, na bei inapanda muuzaji akishagundua kwamba gari ni la biashara. Wapo wanaouza upande mmoja tu, eti ndio uliolala. Springi za pande mbili hubadilishwa pamoja, na kwa pesa wanazotuomba tuna haki ya kuiona namba ya daraja kwenye boksi kabla noti haijatoka mfukoni.