Kumnusuru nyangumi: kuhamisha njia za meli au kupunguza mwendo?

Nyangumi aliyegongwa na meli huenda ngozi yake isionyeshe jeraha. Mzoga ukipasuliwa ndipo zinapoonekana mbavu zilizovunjika na damu iliyovilia ndani.

Pale panapowezekana, kuhamisha njia ndiko bora. Mwaka 2003 Kanada ilisogeza njia za meli katika Ghuba ya Fundy, mbali na malisho ya nyangumi, na hatari ya kugongana kwenye njia zile ikakadiriwa kushuka kwa karibu asilimia 80. Nahodha hufuata ramani tu, basi. Kasoro yake ni kwamba chakula kikihama nyangumi hukifuata, ilhali mstari wa ramani unabaki palepale.

Karibu na bandari hakuna pa kukwepea. Hapo dawa ni mwendo usiozidi noti 10, kama kilomita 18.5 kwa saa. Marekani imeuweka kisheria tangu 2008, kwa misimu, kwa vyombo vya futi 65 na zaidi. Nyangumi bado anaweza kugongwa, ila uwezekano wa kufa hupungua sana, na kelele za pangaboi hupungua pia. Lakini mwendo ukiachwa uwe ombi la hiari, meli nyingi hupita kwa kasi ileile.