SUA Morogoro: chuo ambacho binti yangu hakukichagua, na mimi bado nakwenda

Mwaka 2023 binti yangu alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), tukafunga safari kutoka Kibaha kwenda kukitazama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Tulipopita Chalinze akaniambia, "Mama, tunaenda kuona tu, eeh?" Nikamwitikia, lakini moyoni nilikuwa nimeshamaliza kuona. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa nyuma ya nyumba, na mtoto huyu ndiye aliyenishikia tochi usiku ule ndama alipotanguliza miguu ya nyuma. Hakutetemeka hata kidogo. Udaktari wa wanyama ni miaka 5 pale SUA, nami nilikwisha kuihesabu yote mitano.

Alidahiliwa vyuo viwili. Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha ulipoingia kwenye simu yake, alithibitisha uuguzi MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam. Sasa yuko mwaka wa tatu na anaipenda kazi yake mno. Akija nyumbani hutueleza habari za wodini mpaka chai inapoa. Sina kinyongo naye. Ila kila Agosti mimi hupanda basi kwenda Morogoro, na nimeona niwaandikie wazazi na wafugaji wenzangu ninachokikuta huko.

Kufika ni rahisi. Basi linakushusha stendi ya Msamvu, unachukua bodaboda au daladala. Chuo hakizidi sana kilomita 3 kutoka katikati ya mji. Walioko Dar es Salaam wana treni ya umeme tangu Juni 2024, daraja la kawaida shilingi 13,000. Kwa sisi wa Kibaha basi bado ndilo karibu.

Ukishaingia ndani, milima ya Uluguru inakusimamia mbele, asubuhi ina ukungu kileleni na hewa ni ya baridi kidogo. Mimi nilikipenda chuo hapo hapo, kabla mtu hajanisemesha. Na jina lake kwangu ni zito. Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akiwa Waziri Mkuu, huko Dakawa, mkoa huu huu wa Morogoro. Julai ya mwaka ule chuo kikaanza kikiwa na jina lake. Nakumbuka watu wazima walivyolia mbele ya redio.

Siku ile tulikuwa tumeomba mapema kuwaona panya wa APOPO, shirika lenye makao yake SUA. Hao ni panya buku, wakubwa kama paka mdogo, wanaofundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mdogo wa kubofya, kisha anapewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Nilimwonyesha binti yangu kila kitu: angalia wanavyoshikwa kwa upole, angalia makucha yanavyokaguliwa. Nilidhani ninampandia mbegu.

Wapo na panya wengine wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Sampuli zinatoka kliniki, na panya huzipitia tena, zikiwamo zile ambazo darubini haikuona kitu. Hapo ndipo binti yangu alipoganda. Kwa ng'ombe alipita haraka, kwa panya wa mabomu alitabasamu, lakini hapa aliuliza maswali mpaka tukawa wa mwisho kutoka. Mgonjwa aliyeambiwa hana ugonjwa, nani anakwenda kumtafuta? Wanamkuta nyumbani? Akikataa dawa je? Hakuuliza hata swali moja kuhusu panya. Mimi nilisimama pembeni nikifurahi kwamba mtoto amekipenda chuo, kumbe alikuwa anawauliza habari za wagonjwa. Nimekuja kulielewa jambo hilo baadaye sana, peke yangu, nikikamua.

Mazimbu, kampasi ya pili, tulipita kwa muda mfupi. Palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, mpaka mwaka 1992, na makaburi yao yapo. Nendeni mkiwa na nafasi, si mahali pa kukimbizana.

Sasa huduma yenyewe ninayoisifu. Kila Nane Nane, maonesho ya wakulima ya Agosti, uwanja wa Mwalimu Nyerere pale Morogoro, SUA huwa na banda. Nimekwenda mara tatu tangu 2023. Mwaka ule ule, Julai, kwenye maonesho ya vyuo Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, banda moja la chuo kingine lilimpa binti yangu karatasi likaniambia mzazi nisubiri pembeni. Kwenye banda la SUA, Nane Nane, nilipewa kiti. Nilieleza kwamba ng'ombe wangu mmoja anashuka maziwa na chuchu moja ni ya moto, na mtaalamu akaniuliza ninavyokamua hatua kwa hatua, bila haraka, foleni ikiwa nyuma yangu. Akanionyesha kukamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi ili nione mabonge, kukamua mgonjwa baada ya wazima, na kuchovya chuchu kwenye dawa nikimaliza. Ugonjwa wa kiwele ulikuwa umenila miaka. Ng'ombe yule alikuwa ameshuka hadi lita 6 kwa siku. Baada ya matibabu na usafi huo alirudi 10. Kwa huduma hii natoa nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

Agosti iliyopita binti yangu alikuwa likizo, tukaenda wote. Alinibebea mkoba, akasimama nyuma yangu nikiuliza habari za mabingobingo, majani marefu ya malisho, na namna ya kusindika majani kwa ajili ya kiangazi. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kama naumia. Nikamwambia ukweli: naumia kidogo nikiona wasichana wa rika lake wamevaa makoti meupe na mabuti ya zizini. Akanishika mkono mpaka Mikese, hatukusema kitu.

Mkienda, msingoje tarehe 8 yenyewe kwa kuwa watu ni wengi mno. Siku mbili tatu kabla mtapata muda wa kuongea. Bebeni daftari. Na kama ng'ombe anaumwa, mpigeni picha kiwele na kinyesi chake kwenye simu, wataalamu wale hawaoni kinyaa kuangalia.