Pakeji ya figo Kariakoo: kipimo safi, lile kopo la kaunta liacheni

Wadau wenye wazee wa sukari hii inawahusu. Kuna maabara moja binafsi maeneo ya Kariakoo, jina naliacha, wana pakeji ya figo ya 45,000, unapata kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja), sukari ya miezi mitatu yaani HbA1c, na kipimo cha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo wanachokiita ACR. Nilimpeleka mzee wangu, dawa anameza vizuri tu ila mbishi, yeye mkojo usipotoa povu basi figo nzima na mjadala umefungwa.

ACR ndo kitu cha kulipia hapo, hivo vingine sehemu nyingi vipo. Kreatinini mpaka ije ipande, figo zinaweza kuwa zimeshapoteza karibu nusu ya uwezo wake, na kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo mara nyingi hakioni albumini ikiwa bado kidogo. Dada wa maabara anaijua kazi yake jamani, kabla ya kupokea kikopo akamuuliza mzee, baba una homa? mkojo unachoma? umefanya mazoezi makali jana au leo? maana vyote hivo vinapandisha majibu, halafu akamwambia kama anaweza alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, ndo mzuri zaidi. Mzee alinuna lakini kesho yake akauleta.

Daktari wa pale naye kijana ana subira. Mzee alimuuliza sukari iko kwenye damu, figo inaingiaje hapo? Akamwambia seli nyingi za figo hazisubiri insulini iziruhusu kuingiza sukari, damu ikijaa sukari na zenyewe zinajaa, sasa zile mitokondria zinazochoma sukari kupata nguvu zinazidiwa, ni kama jiko la utambi ukiupandisha kupita kiasi, masizi tupu. Masizi yenyewe ni chembe kali za oksijeni, zinachubua utando wa seli, zinaharibu DNA, na zinaamsha ishara za kutengeneza makovu. Wanaoumia sana ni podositi, seli zenye vimiguu zinazokumbatia vimishipa vya kichujio, hizo zikifa mwili hauna uwezo mkubwa wa kuzirudisha, ndo albumini inaanza kupenya kwenda kwenye mkojo. Na hicho kichujio kinapitisha kama lita 180 kwa siku, pumziko hakina. Mzee kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Sasa tunatoka, kaunta kuna kaka anauza unga wa kopo, 85,000, yaani karibu mara mbili ya vipimo vyenyewe! "Shikamoo baba, si umesikia habari ya masizi? Hii ni antioksidanti, inayafuta yote." Nikaligeuza kopo nisome, vitamini C, vitamini E, B6, B12 na asidi ya foliki za dozi kubwa. Kwa kulisikiliza tu inaingia akilini, ndo ubaya wake. Vitamini E ilishajaribiwa kwa watu zaidi ya 3,600 wenye kisukari, majibu yakatoka 2002, miaka minne na nusu ya kumeza na figo hazikuona tofauti. Hizo za kundi B ndo balaa zaidi, Kanada waliwapa dozi kubwa watu ambao figo zao zilishaguswa na sukari, mwaka 2010 wakatangaza kwamba waliozimeza figo zilishuka haraka kuliko waliopewa vidonge vitupu, na mambo ya moyo na kiharusi yakawa mengi zaidi. Masizi yanazalishwa ndani ya seli kila dakika sukari ikiwa juu, unga wa kijiko asubuhi utayakimbiza mpaka lini? Utambi ndo wa kushusha, yaani sukari yenyewe, na presha pia. Daktari alimwandikia mzee losartani, dawa ya presha, akagusia na zile dawa za jamii ya dapagliflozini zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, tatizo bei, bado tunajipanga. Na huyo daktari yuko hatua chache kutoka kaunta, kaka anauza hivohivo. Uongozi mnaona kabisa.

Lingine, majibu yalikuja WhatsApp, ACR 64, nukta. Hamna maelezo. Chini ya 30 ndo kawaida, 30 mpaka 300 figo imeanza kuvuja, juu ya hapo ni nyingi, na hakuna anayepewa jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja, inatakiwa viwili kati ya vitatu vije juu ndani ya miezi 3 mpaka 6. Ilibidi nipige simu mwenyewe kuuliza marudio ni lini, na wakasema ACR peke yake bila pakeji inawezekana, ila kwenye tangazo hawaisemi, kwahiyo ulizeni.

Kipimo na watu wake nyota 4, kaunta 1. Pakingi hamna kabisa, pandeni mwendokasi mshuke Msimbazi.