Asilimia za mvua kwenye simu: zinawafaa wanaoanika mwani Mlingotini?

Programu za hali ya hewa zinazokuja na simu huonyesha mvua kwa asilimia, na kwa mkulima wa mwani wa Mlingotini, Bagamoyo, namba hiyo ina kazi moja: mzigo ubaki wazi kichanjani au ufunikwe turubai? Kwa kesho zinafaa sana. Za siku ya saba usizitegemee. Isitoshe, namba ile ni ya eneo la kilomita kadhaa, na mvua ya pwani inaweza kunyesha Kaole, Mlingotini kukabaki jua.

Watu husema simu imeongopa pale iliposema asilimia 30 na mvua ikanyesha. Haijaongopa. Katika siku kumi za asilimia 30, mvua ya siku mbili, tatu au nne ni sawa kabisa. Ikinyesha zote kumi, hapo lalamika.

Kuipima ni rahisi. Jioni andika asilimia ya kesho daftarini, kabla hujajua matokeo. Ukiandika baadaye utakumbuka tu siku zilizokuudhi. Kesho yake andika 1 ikinyesha, 0 isiponyesha, kisha tafuta tofauti kati ya namba hiyo na asilimia uliyoandika (70 iwe 0.7) na uizidishe kwa yenyewe. Asilimia 70 na mvua ikaja: 0.3 × 0.3 = 0.09. Isipokuja: 0.49. Kanuni hii aliichapisha Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, mwaka 1950. Wastani ukizidi 0.25, achana na programu hiyo, kwa sababu anayetaja asilimia 50 kila siku hupata 0.25 bila hata kutazama juu. Ipime wakati wa masika. Kiangazi kila anayesema "hakuna mvua" ataonekana bingwa.

Kuamua ni hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi wanapopoteza mali. Tuseme kufunika kunagharimu shilingi 4,000, kibarua pamoja na jua lililopotea, na mwani ukilowa unashuka bei kwa shilingi 20,000. Gawanya: asilimia 20. Basi funika kuanzia hapo, usingoje 50.

Kasoro inayoudhi ni namba za saa kwa saa. Asilimia 20 kwa saa nne mfululizo si 80. Kama kila saa ingejitegemea ingekuwa 59, lakini saa hufuatana kwa wingu lile lile, kwa hiyo ukweli huwa kati ya 20 na 59. Programu ingeonyesha asilimia moja ya mchana mzima, ingesaidia zaidi.

Wanaotoka na ngalawa wafuate taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Upepo na mawimbi havimo kwenye asilimia hii.