Audacity nimeipenda, ila hao wenye kitufe cha kijani Mungu anawaona

Kama una kompyuta nyumbani na unataka programu ya kukata na kusafisha sauti, tia Audacity, hutajuta. Lakini siku itakapokwambia nenda katafute FFmpeg, programu saidizi ya kusomea aina nyengine za mafaili ya sauti, shika moyo. Hapo njiani pana watu wamekaa wanakungoja, na mimi nimeshapita mikononi mwao. Bado nina hasira nao, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi mtu wa Wete. Mfungo Sita ulikuwa unakaribia, na ustadhi wa chuoni kwetu akaniletea kasida za watoto alizozirekodi kwa simu. Alitaka nitoe ngurumo ya feni, nikate pale wanapokohoa na kuchekana, zipate kupigwa kwenye spika siku ya maulidi. Audacity yenyewe haikunipa tabu. Ukurasa wao, faili moja, bonyeza, bonyeza, imekaa. Bure kabisa: haikuulizi kadi ya benki wala haikwambii siku za majaribio zimekwisha. Ilianzia 1999 kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na mpaka leo msimbo wake, yale maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa anayetaka kuutazama. Jioni ile barazani nilikuwa naisifu kama niliyoitengeneza mimi.

Nikaja kufungua kasida sasa. Simu ya ustadhi inarekodi kwa M4A, aina moja ya faili la sauti, na Audacity kwenye Windows haiisomi M4A mpaka uwe na FFmpeg, ambayo haimo ndani. Sababu wameieleza wenyewe: kuna mambo ya hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, hawawezi kuifungasha pamoja wala kuigawa kwenye tovuti yao. Sawa, sheria ni sheria. MP3 nayo zamani ilikuwa hivyo hivyo, mtu anatumwa kwengine akatafute LAME, programu ya kutengenezea MP3. Hataza zikamalizika 2017, na siku hizi LAME imo ndani tangu mwanzo. Labda iko siku na hii nayo itaingia, sisi tukiwa hai.

Ukienda kwa FFmpeg wenyewe, mradi ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, wao wanatoa msimbo tu. Ukitaka kitu kilichokwisha kutengenezwa wanakuelekeza kwa watu wengine. Msimbo mimi nitaufanyia nini, niupike? Nikaliandika jina kwenye kitafutio, na lililokaa juu kabisa ni tangazo lenye jina lile lile na kitufe cha kijani kikubwa cha kupakulia.

Kilichoshuka ni kifaili kidogo, MB chache tu, kinachosema chenyewe ndicho kitakachokwenda kuleta kile kikubwa. Dirisha la kwanza, FFmpeg. Dirisha la pili, wananipa zawadi ya programu ya kusafisha kompyuta. La tatu, kivinjari kipya. Kwenye kila dirisha kitufe cha kukubali ni cha kijani kinachong'ara, na cha kukataa ni maandishi ya kijivu juu ya kijivu, madogo, hata hujui kama yanabonyezeka. Nilikataa. Naandika tena ili isemwe vizuri: nilikataa, dirisha kwa dirisha, nimesogeza miwani usoni. Wakatia vyote. Na bando langu la wiki likaishia hapo hapo.

FFmpeg yenyewe, hakuna! Walitia kila kitu isipokuwa kile nilichokiendea.

Kile kisafishaji kikaanza kupiga kelele kwamba kompyuta ina makosa mamia, nilipe dola yaondoke. Hilo ningelistahamili. Lililoniumiza ni la siku ya pili. Ustadhi kaja baada ya Alasiri kuangalia kazi imefikia wapi. Tumekaa mkekani, kompyuta juu ya kigoda, wanangu wamesimama nyuma. Namuonesha mawimbi ya sauti ya mtoto mmoja aliyerekodiwa kwa simu nyengine, faili lililokubali kufunguka. Pembeni chini kulia kikatokea kijipicha. Mwanamke. Nguo sitazieleza kwa sababu hazikuwepo za kuelezwa. Nikakimbilia alama ya kufungia, ndogo kuliko punje ya mtama, nikabonyeza, akatokea mwengine.

"Sheikh," ustadhi akasema huku kageukia mlangoni, "hii ndiyo kompyuta ya kasida?"

Nikaifunga kompyuta pale pale. Nikaanza kumueleza habari za matangazo, za vitufe vya kijivu, za kivinjari. Hebu mueleze wewe ustadhi kwamba picha zile zimejileta. Kila nilipoeleza nilizidi kuonekana muongo. Chai yake hakuimaliza.

Usiku nikakaa kufukuza. Kwenye orodha ya programu za Windows nikaving'oa kimoja kimoja. Kile kisafishaji hakitoki kwa heri: kinakuuliza una hakika, kinakuuliza kwa nini unakiacha, kinakupa orodha ya sababu uchague, kama mke anayedai talaka yake ielezwe mbele ya wazee. Zile picha za pembeni hazikuondoka kwa kung'oa programu, zilikuwa zinapitia ruhusa ya arifa kwenye kivinjari. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta arifa, futa kila tovuti usiyoijua. Halafu nikaiachia Defender, kinga ya virusi ya Windows, ipekue kompyuta nzima mpaka alfajiri.

Njia yenyewe, kumbe, imeandikwa vizuri kwenye kurasa za msaada za Audacity. Wanakupeleka moja kwa moja kwenye FFmpeg inayotakiwa. Angalia tu kama Audacity yako ni ya biti 64, basi na FFmpeg iwe ya biti 64. Unatia, unafunga Audacity, unaifungua tena. Ikikataa kuiona, kwenye mapendeleo pana sehemu ya maktaba, unamuonesha mwenyewe faili linaloanza na avformat lilipo. Kasida zikafunguka zote. Unachagua kipande kidogo ambacho feni inasikika peke yake, unaiambia hii ndiyo kelele, kisha unachagua rikodi nzima, na ngurumo inapungua mpaka unasikia vidole kwenye dufu. Jogoo wa jirani tu ndiye aliyebaki. Dawa ile ni ya kelele isiyobadilika, feni au friji. Jogoo anawika anapotaka, huyo unamkata kwa mkono.

Kwa hiyo Audacity nyota tano. Nne, basi, kwa ajili ya kunituma FFmpeg. La, hataza si zao, na kitu cha bure chenye kazi namna ile ukikipunguzia nyota unajiaibisha. Tano, nimemaliza.

Wale wa kitufe cha kijani sina nyota ya kuwapa. Niliwaandikia kwenye anwani ya malalamiko iliyoko chini ya ukurasa wao, kwa Kiingereza changu cha skuli, nikiwaeleza mpaka habari ya ustadhi. Wakajibu kwa mstari mmoja kwamba wanathamini maoni yangu, na chini ya mstari ule wakaniwekea kitufe cha kijani nipakue toleo jipya la kisafishaji.